Kiingereza cha msimu

Kila ifikapo Mei, masika bado yananyesha na hoteli za Nungwi na Paje zimepoa, darasa langu la jioni hapa mjini Unguja hujaa. Kila mtu anataka msimu umkute na ulimi mwepesi. Wageni wakishamiminika, viti hubaki vitupu. Zamu ni ndefu, bakshishi nzuri, na tena, wananiambia, Kiingereza si tunakizungumza kutwa kazini? Mwakani tunaonana tena, sura ile ile ya kitabu.

Hapo kwenye "tunakizungumza kutwa" ndipo penye mtego. Mhudumu wa mkahawani hurudia sentensi chache zile zile: karibu, utakunywa nini, chumba namba ngapi. Anazisema vizuri, mpaka anasifiwa. Ngoja mgeni alalamike kwamba kiyoyozi kinavuja juu ya begi lake, maneno yanamkauka. Kazi inamtunzia alichonacho, haimwongezei.

Anaposhtuka, hujiwekea saa mbili za kusoma kila usiku. Siku ya tatu kuna msiba kwa shemeji, ya nne umeme umekatika, ya tano anaona haya hata kufungua daftari. Mimi simlaumu kwa uvivu. Mpango wenyewe ulikuwa wa mtu asiye na jamaa.

Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Ndani ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya alichokariri kilikuwa kimeshapotea. La maana zaidi kwetu ni hili: marudio 38 aliyoyagawa katika siku tatu yalimfaa karibu sawa na marudio 68 aliyoyafanya kwa siku moja. Sisi tuliopita chuo cha Kurani tulilijua hilo bila ya Mjerumani. Mwanafunzi wa hifdhi hapewi ukurasa mpya mpaka asikilizwe wa jana, na juzuu za nyuma anazidurusu kila siku, la sivyo zinamkimbia. Linalonishangaza ni kijana huyo huyo, akishika daftari la Kiingereza, kutaka kurasa mpya tu.

Kwa hiyo nawaambia wakate vikaratasi, kila kimoja sentensi moja, Kiswahili upande huu na Kiingereza upande wa pili. Ulichokipata kinasogea kwenye boksi la pili, unakiuliza baada ya siku kadhaa; ulichokikosa kinarudi la kwanza, kesho unakutana nacho. Sebastian Leitner aliueleza utaratibu huu mwaka 1972, na maboksi matupu ya viatu yanatosha.

Lakini karatasi haifundishi mdomo. Nina mwanafunzi anayetembeza wageni kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani. Siku moja alinionesha anavyowatambulisha watu wa shamba: "This is my aunt. He grow vanilla here." Nikamuuliza kanuni, akaitaja yote bila kusita, "she" kwa mwanamke na ile "s" ya mwisho wa kitenzi. Anaijua tangu skuli. Ila kiambishi chetu "a-" hakiulizi mke wala mume, na ulimi umekizoea tangu unyonyeni. Nikimweleza tena kanuni ile napoteza pumzi yangu. Nilichompa ni dakika tano za kusema kwa sauti, kila siku: leo mama anafanya nini, baba anafanya nini, mama tena, baba tena. Inachosha, najua. Wenzake walimcheka, halafu nao wakaomba.

Dakika hizo tano aziweke wapi? Siulizi saa ngapi, nauliza baada ya nini. Zamu za hoteli hugeuka kila wiki, ila Alfajiri haigeuki na zamu. Akishaswali, kabla hajashika simu, anasema sentensi zake. Wengine wamezifunga na safari ya daladala, ingawa mle ndani huwezi kusema kwa sauti ukaachwa salama.

Na ukikosa siku? Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa 2010, waliona jambo huchukua wastani wa siku 66 hivi kugeuka mazoea, kwa wengine 18, na kwa wazito walikadiria hata 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Basi anayeniambia, "Mwalimu, nimeikatisha, nianze upya msimu ujao," namjibu, "Aa, mwanangu, anza kesho Alfajiri, pale pale ulipoachia."

Wapemba wana udhuru wao, karafuu. Zikikomaa, hakuna darasa. Mchana watu wako mikarafuuni, usiku wako jamvini wanachambua. Siwatumii zoezi. Naomba ujumbe mmoja wa sauti kwa WhatsApp, huku mikono ikiendelea kutoa makonyo: leo umechuma pishi ngapi, nani alipanda mti gani, mvua ilikukuteni wapi. Sentensi tatu, nne, na vicheko vya ndugu nyuma yake. Sisahihishi kila kosa. Nachagua moja, namrudishia likiwa sawa, na ujumbe wa kesho nausikiliza kwa ajili ya kosa hilo tu.