Ala za neva: kwa nini mkono mmoja hupona na mwingine haurudi

Mtu aliyeanguka na bodaboda akavunjika mkono kati ya bega na kiwiko huja kliniki kiganja kikining'inia. Neva ya radiali, inayopita ikigusa mfupa ule, imeumia. Swali lake ni moja: "Daktari, mkono utarudi?" Jibu langu hutegemea ala zinazoifunika neva kuliko kitu kingine chochote.

Neva si uzi mmoja. Ndani yake mna maelfu ya nyuzi, zimefungwa matita matita kama kuni. Ala ya nje, epineuriamu, hubeba mishipa midogo ya damu, na ndiyo ninayoishika kwa kibano ninaposhona. Kila tita lina perineuriamu, ambayo seli zake zimebanana hata vitu vingi haviwezi kupenya kuzifikia nyuzi. Halafu kila unyuzi una endoneuriamu yake, nyembamba mno.

Hiyo nyembamba ndiyo yenye uamuzi. Mwaka 1943 Herbert Seddon, daktari wa upasuaji Mwingereza, aliyagawa majeraha ya neva mafungu matatu, nasi tunayatumia hadi leo. Katika la kwanza neva imeduwaa tu, huamka baada ya wiki au miezi michache. Katika la pili unyuzi umekatika lakini ala imesalia. Kipande kilichokufa husafishwa, seli za Schwann, zile zinazouzunguka unyuzi, hujipanga ndani ya bomba la ala lililobaki, na chipukizi la unyuzi hutambaa humo, takriban milimita 1 kwa siku, mpaka kwenye msuli wake uleule.

La tatu, la panga au kioo, ala zote zimekatika. Machipukizi hukosa njia. Nitashona kwa uzi mwembamba kuliko unywele, lakini siwezi kuunganisha kila bomba na mwenzake, na unyuzi uliopaswa kwenda kwenye msuli unaweza kuishia kwenye ngozi. Kwa hiyo jeraha la kukatwa lenye ganzi kidoleni lisishonwe ngozi tu na kuachwa: msuli uliokosa neva kwa mwaka mmoja au mmoja na nusu hunyauka usirudi.

Huyu wa bodaboda, ngozi haikupasuka, kwa hiyo nasubiri. Wengi wao hupona bila kisu. Kila anaporudi nagonga polepole juu ya njia ya neva, na pale anaposhtuka kama kapigwa na umeme naweka alama: hapo ndipo machipukizi yamefika. Mwezi uliopita alama ilikuwa juu ya kiwiko. Leo imeshuka chini yake.