Boriti ya Mkoko Haikubebi

Juma lililopita kijana mmoja ninayemfundisha mambo ya bahari hapa Lamu alinieleza, kama walivyonieleza wengi kabla yake, kwamba mashua yake ikizama karibu na mikoko ya Manda atakata boriti sita, azifunge pamoja na apate chelezo. "Nahodha, mti ni mti, hauzami," akasema. Sitaki kulisikia tena neno hili, kwa kuwa atakayeliamini atakufa maji.

Mkoko mbichi huzama, na uliokauka huelea kwa shida. Hata hivyo, kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba kinachoelea hubeba. Gogo hubeba ile tofauti tu iliyopo kati ya uzito wake na uzito wa maji linayoweza kuyasukuma likizamishwa lote. Chukua gogo la ujazo wa lita 100 lenye uzito wa kilo 95: maji ya bahari ya ujazo huo yana takriban kilo 102 na nusu, kwa hiyo kinachobaki ni kilo 7 na nusu, na mtoto wa mwaka mmoja kwa kawaida huzizidi. Ukiliona linaelea peke yake, hujaona lolote. Likandamize kwa mikono miwili kwanza.

Sasa tazama mtungi wa plastiki wa lita 20, mtupu, wenye kifuniko kinachokaza. Hubeba karibu kilo 19. Mtu wa kilo 70 anayetaka kuketi juu ya maji anahitaji sita, kwa sababu kiunzi nacho kina uzito, ilhali anayeridhika kushikilia tu huku mwili ukiwa majini hutoshwa na mmoja. Hapo ndipo fito za mkoko zinapofaa: mbili tatu za kiunzi, basi. Usifunge mitungi kwa vishikio vyake, kwani hung'oka mawimbi yakivuta. Iviringe ndani ya kipande cha wavu, uisambaze pembezoni, nawe ukae chini katikati. Kamba ya makumbi ya nazi hustahimili maji ya chumvi. Wazee wetu waliishonea mitepe, vyombo vya kale vya mbao za kushonwa, bila msumari hata mmoja.

Ikiwa mashua imepinduka lakini bado inaelea, usiiache ili ukaunde chelezo. Wakati wa kusi, msimu wa pepo za kusini, upepo na mkondo huelekea kaskazini, na chelezo kilichotoka Shela kitapita Pate na Kiwayu kikielekea Somalia, huku mashua iliyopinduka ikionekana kwa urahisi zaidi kuliko kichwa cha mtu.

Lipo jambo ambalo moyo wangu haujatulia nalo hadi leo. Hufundishwa kwamba mtu ajifunge kwenye chelezo asije akateleza akilala. Mimi pia hufundisha hivyo, lakini chelezo hupinduka, na aliyefungwa hupinduka nacho. Kwa sasa nawaambia wanafunzi wangu wafunge fundo la kitanzi linalofunguka kwa mvuto mmoja, na tunalifanyia mazoezi tukiwa tumefumba macho, majini, kwa mkono wa kushoto.