Mtoto anamaliza kikombe, lakini kilo hazipandi

Wiki haipiti bila mama mmoja kuniambia hivi mbele ya mizani: "Muganga, huyu mutoto anakulaka muzuri, uji anamaliza yote." Mizani nayo inasema mengine. Mtoto ana miezi minane na kilo zimesimama palepale zilipokuwa alipotimiza miezi sita. Nimeshughulikia lishe ya watoto hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, muda wa kutosha kujua kwamba mama huyo hasemi uongo. Anayedanganya ni uji.

Tuhesabu pamoja. Tumbo la mtoto hubeba karibu mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 7 basi anabeba mililita 200 na kidogo, yaani kikombe kimoja cha chai. Uji wetu wa kila siku, ule unaopita hata kwenye tundu la biberoni (chupa ya kunyonyea), kikombe kizima kina gramu 10 hivi za unga. Gramu 100 za unga wa nafaka hutoa kalori 350 hivi, kwa hiyo gramu 10 ni 35. Lakini mtoto wa miezi 6 hadi 8, hata kama ananyonya vizuri, anahitaji kalori 200 hivi kwa siku kutoka kwenye chakula. Itabidi anywe karibu vikombe sita! Na maziwa ya mama yatapata wapi nafasi?

Kwa hiyo kipimo changu ni kijiko. Chota uji, inamisha kijiko: ukikimbia kama maji, rudisha sufuria motoni uongeze unga. Unatakiwa uteremke polepole, kwa uvivu.

Unga gani? Wa mihogo peke yake hapana. Ni wanga, protini yake ni gramu 1 au 2 tu kwa gramu 100. Wazee wa Kivu walikuwa na jina la mtoto aliyevimba miguu na nywele kugeuka rangi: bwaki, ndiyo ile madaktari wanaita kwashiorkor. Mji huu ulifikia hata kuwa na Comité Anti-Bwaki, kamati nzima yenye jina la ugonjwa huo. Unga wa mchanganyiko uitwao masoso ni bora zaidi, na jina lenyewe ni vipande vya maïs (mahindi), soja na sorgho (mtama). Mimi huweka sehemu mbili za nafaka kwa moja ya soja. Ila soja mbichi ikisagwa hivyo hivyo, mtoto atavimba tumbo na kuhara, maana ina vitu vinavyozuia protini isimeng'enywe. Ikaange hadi maganda yapasuke na nyumba inuke karanga, kisha pepeta maganda ndipo upeleke kwenye mashini. Unga wa sokoni nusia kabla ya kulipa. Ukinuka maharagi mabichi, mwachie mwenyewe.

Sasa tatizo: uji mzito unamshinda mtoto wa miezi sita. Mama anauongezea maji, na tumerudi tulikotoka. Dawa yake wapishi wa pombe ya mtama wanaijua tangu zamani, kama wale majirani zetu ng'ambo ya mto Ruzizi wanaopika ikigage. Mtama uliochipuka unakata wanga. Loweka mtama usiku mmoja, utandaze kwenye kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu, anika mpaka ukauke kabisa. Halafu usugue kati ya viganja mpaka vichipukizi na vimizizi vyote vitoke, uvipepete, uvitupe. Hapo usifanye haraka, kwa sababu chipukizi la mtama lina sumu ya jamii ile ile iliyo kwenye mihogo michungu. Uliobaki saga. Ukishapika uji mzito, uipue, subiri mvuke upungue, tia kijiko kidogo cha unga huo kwa kikombe, koroga. Ukitia wakati uji unatokota, moto unaua ile nguvu. Baada ya dakika tano au kumi utaona uji umelegea wenyewe bila tone la maji. Urudishe motoni utokote tena, kwa ajili ya vijidudu.

Mara ya kwanza nilipoonyesha jambo hili, koko mmoja, bibi mzee, alisimama: "Munataka kulewesha mutoto?" Ilibidi nimalize bakuli mbele yake. Kulewa kunataka uji uchachuke kwanza, na huu unaliwa saa ile ile.

Baada ya hapo, tia samaki wadogo wanaoitwa sambaza. Samaki hawa waliletwa ziwani mwetu Kivu kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wapo kwenye kila soko. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma inayotosha miezi sita hivi, kisha maziwa peke yake hayatoshi kuijaza. Chagua sambaza kavu zisizo na chumvi, ondoa mchanga, zikaange kidogo, twanga na vichwa na mifupa, chekecha kwa kitambaa chembamba. Kijiko kimoja kwenye kila bakuli. Na kijiko kidogo cha mawese mekundu, ambacho ni kalori 40 zaidi pamoja na vitamini A.

Kuanza kwenyewe si kugumu. Miezi sita kamili, shingo imekaza, anakaa akishikiliwa. Vijiko viwili vitatu, mara mbili au tatu kwa siku. Kuanzia miezi tisa mara tatu au nne. Ulimi ukisukuma chakula nje, hajakataa, bado anajifunza. Jaribu kesho, na keshokutwa, hata mara kumi. Usimbane pua. Avoka iliyopondwa, birayi (viazi mviringo), maharagi yaliyochujwa, lengalenga (mchicha), yai lililoiva kabisa, vyote vinaingia kidogo kidogo. Chumvi na sukari hapana. Asali ingoje mwaka mmoja upite, maana inaweza kubeba vijidudu vya botulismo. Chai nayo inazuia chuma kisiingie mwilini, basi kumpa mtoto sambaza na chai ni kumpa kwa mkono huu na kumnyang'anya kwa ule. Karanga ziwe zimesagwa, nzima zinakaba.

Maji yachemshwe, hata ya robine (bomba), maana kipindupindu hakijawahi kutuaga hapa Kivu. Uji uliopikwa asubuhi usiungojee jioni. Umeme wenyewe mnaujua, friji ni kabati tu. Pika kidogo, baada ya saa mbili kilichobaki ale mkubwa. Biberoni sitaki hata kuiona: shingo yake haisafishiki, na tena ndiyo inayowafundisha mama kupika uji wa maji.

Mtoto akihara, endelea kumnyonyesha na kumlisha, vijiko vichache mara nyingi. Akipona, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili, kisha mlete tumpime.