Rifampisini ya kwenye kidonge na rifampisini ya kwenye damu

Kidonge kinaweza kuwa na miligramu 150 kamili za rifampisini, kikafaulu kipimo cha kuyeyuka maabara, na bado kikafikisha dawa pungufu kwenye damu ya mgonjwa wa kifua kikuu. Ukubwa wa chembe za malighafi huchangia, na jinsi kiwanda kilivyoshindilia kidonge pia. Kwenye vidonge vya mseto, vyenye dawa kadhaa pamoja, kuna balaa lingine: ndani ya tindikali ya tumbo, isoniazidi, dawa nyingine ya kifua kikuu, huharakisha kuvunjika kwa rifampisini. Kwa hiyo mseto mpya hupimwa kwa watu, ukilinganishwa na dawa rejea ambayo ubora wake unajulikana.

Hutafutwa watu wazima wenye afya, mara nyingi 24 hivi. Chini ya 12 haikubaliki. Nusu huanza na dawa mpya, nusu na ile rejea, kisha baada ya mapumziko, kwa kawaida wiki moja, hubadilishana. Kila mtu analinganishwa na nafsi yake, maana tumbo la huyu si la yule. Wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango waelezwe mapema kwamba rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge hivyo, na wote waambiwe mkojo utageuka rangi ya chungwa, wasije wakakimbilia hospitali usiku.

Mshiriki hufunga usiku kucha, humeza vidonge vinne (miligramu 600 za rifampisini) kwa glasi ya maji ya mililita 240, na hali chochote kwa saa nne. Damu huchukuliwa kabla ya kumeza, kisha mara kwa mara hadi saa 24. Sampuli zisogezwe karibu karibu kati ya saa ya kwanza na ya tatu, kwa kuwa kilele huwa hapo. Ukiacha pengo la saa nzima, kilele kinakupita. Andika dakika halisi sindano ilipovuta damu, si ile iliyopangwa kwenye fomu. Anayetapika mapema, kabla ya saa nne hivi, takwimu zake hazitumiki.

Makosa mengi, kwa maoni yetu, hutokea kabla mashine haijawashwa. Kanula, yaani mrija mdogo unaoachwa kwenye mshipa, iliyosafishwa kwa maji ya chumvi hutoa damu iliyochujuka usipomwaga mililita ya kwanza. Rifampisini nayo huharibiwa na hewa na mwanga: funika tyubu kwa karatasi ya foili, tenganisha plazma (majimaji ya damu yasiyo na seli) upesi, ongeza vitamini C kuzuia isioksidike, kisha gandisha kwenye nyuzi 70 au 80 chini ya sifuri. Sampuli iliyosahauliwa mezani mchana kutwa itasoma chini, na lawama itakiangukia kidonge kisicho na hatia.

Mashine ya kromatografia, inayotenganisha dawa na kuipima, ikishatoa viwango, huchorwa mchoro wa kiwango dhidi ya muda. Eneo chini yake ndilo jumla ya dawa iliyofika kwenye damu, nalo hukokotolewa kipande kwa kipande: saa ya 2 ikiwa mikrogramu 8 kwa mililita na saa ya 3 ikiwa 6, kipande hicho ni wastani wa 8 na 6 mara saa moja, yaani 7.

Hukumu ya mwisho husomwa vibaya mara nyingi. Uwiano wa dawa mpya kwa rejea, pamoja na kiwango chake chote cha uhakika cha asilimia 90 (masafa ambamo uwiano halisi unatarajiwa kuwemo), lazima uangukie kati ya asilimia 80 na 125, kwa eneo na kwa kilele pia. Uwiano wa 88 wenye kiwango cha 79 hadi 98 umeshindwa, japo 88 yenyewe imo ndani. Hivyo si kweli kwamba dawa isiyo ya jina la kampuni asilia inaruhusiwa kupungua robo.

Chakula nacho hushusha kilele cha rifampisini. Mgonjwa ameze saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula; kichefuchefu kikimzidi, azungumze na mhudumu wake wa kliniki badala ya kuruka dozi.