Kupunguza upepo wa tairi mchangani: dhana potofu na ukweli wake

Ukitoka Muscat, mji mkuu wa Oman, unaendesha kwenye lami kwa zaidi ya kilomita 200 hadi Bidiyah. Ukingoni mwa mji huo ndipo linapoanza jangwa la mchanga la Wahiba, lililoenea karibu kilomita 180 toka kaskazini hadi kusini. Hapo madereva wazoefu husimama, huchuchumaa kando ya kila gurudumu na kutoa upepo. Wanaopita bila kusimama huwa wameamini mojawapo ya mambo haya.

Dhana: Fowili (gari ambalo injini huzungusha magurudumu yote manne) yenye injini kubwa haina haja ya kupunguza upepo.

Injini haibebi gari, tairi ndilo linalobeba. Chukua gari la tani 2: kila tairi limeelemewa na takriban kilo 500. Likiwa na upepo wa psi 35 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), sehemu yake inayogusa ardhi ni kama sentimita 200 za mraba. Ukishusha hadi psi 15, eneo hilo huzidi maradufu. Ni makadirio tu, kwa kuwa ubavu wa tairi nao hubeba sehemu ya mzigo, lakini tofauti yake mchangani ni ya kwenda au kukwama. Tairi gumu likipewa nguvu nyingi huchimba shimo lake lenyewe.

Wala hii si mbinu ya juzi. DUKW, magari ya kijeshi ya Marekani ya Vita Kuu ya Pili yaliyokwenda majini na nchi kavu, yalimwezesha dereva kubadilisha upepo wa matairi akiwa kwenye usukani.

Dhana: Tairi likipungua upepo hupanuka, kwa hiyo tairi pana linatosha lenyewe.

Mbavu huonekana zimetuna, na hapo ndipo macho yanapodanganyika. Wayo wa tairi, yaani sehemu inayogusa ardhi, hurefuka zaidi kuliko unavyopanuka, kutoka mbele kwenda nyuma, na tairi hupita juu ya mchanga badala ya kusukuma tuta mbele yake. Ndiyo maana ubavu mrefu una thamani kubwa. Rimu za inchi 20 zenye tairi la ubavu mfupi hazina nafasi ya kubonyea, na zikigonga jiwe huumia upesi.

Dhana: Kuna namba moja inayofaa magari yote.

Anza na psi 18 kama gari limejaa mizigo, 15 kama ni jepesi. Mchanga ukizidi ulaini, nenda 12. Psi 10 ni ya kujinasua tu, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Chini ya hapo tairi huweza kuchomoka kwenye rimu. Kama mzigo wote uko nyuma, yaachie matairi ya nyuma psi 2 au 3 zaidi.

Kisha kuna joto, ambalo wengi hulisahau. Tairi lililotoka barabara kuu huonyesha upepo mwingi kuliko lilivyokuwa asubuhi likiwa baridi. Ukilishusha hadi 15 mchana, hali ya hewa ikapoa kwa nyuzi 20 usiku, alfajiri utakuta karibu 13. Pima tena kabla ya kuondoka, kwa geji ileile.

Dhana: Ngoja ukwame ndipo utoe upepo.

Ukishakwama, mara nyingi tumbo la gari limekalia mchanga, na kutoa upepo hakuliinui. Itabidi ufukue mbele na nyuma ya kila gurudumu, uondoe mchanga chini ya difu (bonge la gia lililo kwenye ekseli), ndipo ushuke hadi 12 na kurudi nyuma kwa kufuata alama zako mwenyewe, kwani hapo mchanga umeshashindiliwa. Gurudumu likizunguka bila gari kusogea, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja. Unapotaka kusimama, acha gari lipungue mwendo lenyewe, likielekea mteremkoni. Breki hurundika mchanga mbele ya matairi.

Dhana: Upepo mdogo huua tairi.

Kinachoua ni mwendo kasi, joto na kona kali. Kwa psi 15 usizidi kilomita 40 kwa saa, usikate usukani ghafla, na usiliache gari liteleze kiubavu kwenye mteremko. Matairi yenye mpira wa ndani ni kisa kingine: upepo ukiwa mdogo sana tairi huzunguka kwenye rimu, likauvuta mpira na kung'oa valvu. Kwenye makorongo ya mchanga ya Turkana na Samburu, kaskazini mwa Kenya, yale yaitwayo laga, hatari hubadilika ukishavuka: mawe na miiba ya migunga hupata ubavu uliotuna. Rudisha upepo ng'ambo, kabla ya kuendelea.

Dhana: Nitajaza upepo nikifika nyumbani.

Hapana. Tairi laini kwenye lami hujikunja kila mzunguko, hupata moto, na tabaka zake huachana ukiwa katikati ya barabara kuu. Jaza mara tu unapotoka mchangani: kwenye duka la matairi Bidiyah, au kwa kompresa yako ya volti 12. Ibane moja kwa moja kwenye betri, injini ikiwa inaunguruma. Ukiichomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari, fyuzi huungua kirahisi. Ipumzishe baada ya kila tairi moja au mawili, kwani nyingi hazistahimili kazi mfululizo kwenye jua la Oman.