Maji kwanza, Peltier baadaye

Kilichonifumbua macho ni harufu. Kwenye kompyuta yangu inayopozwa kwa maji nilikuwa nimeongeza kibao cha Peltier, kinachopoza prosesa kwa umeme, nikakilisha kutoka kwenye soketi bapa ya pawasaplai, ile inayolisha diski, kupitia adapta ndogo ya plastiki. Kompyuta ikawaka, joto la prosesa likashuka, nikaanza kujisifu. Muda si mrefu chumba kikanuka plastiki inayoungua. Nilipochomoa, tundu la waya wa njano lilikuwa limekuwa kahawia na pini yake imezama pembeni kama msumari kwenye nta. Pawasaplai yenyewe ilikuwa inaendelea na kazi, haina habari.

Kwa upande wake hakukuwa na kosa lolote. Pawasaplai nyingi za sasa zina laini moja ya volti 12 inayotoa ampea 40, 50 au zaidi, na ulinzi wake hausumbuki mpaka uvuke hapo. Kibao changu kilivuta ampea 10 hivi. Ile soketi bapa ina pini tatu za volti 12, kila moja ya ampea 1.5, jumla 4.5. Sasa chukua muunganisho mmoja uliolegea unaobeba ampea zote 10, wenye ukinzani wa omu 0.05 tu. Kumi mara kumi mara 0.05: wati 5. Ni kidogo, ila zinatokea mahali pasipozidi kichwa cha njiti ya kiberiti.

Kwa asiyekijua kibao hiki: ni vipande vya kigae viwili vyembamba, kwa kawaida milimita 40 kwa 40, katikati kuna jozi nyingi za semikondakta. Ukipitisha umeme wa DC, yaani wa mwelekeo mmoja, upande mmoja unapoa na mwingine unapata moto, jambo ambalo Mfaransa Jean Charles Peltier alilibaini mwaka 1834. Jina linajieleza: TEC1-12706 ni jozi 127, ampea 6, 12715 ni jozi zilezile, ampea 15. Wengi husahau kwamba joto haliishi humo, linahamishwa tu, na kibao kinaongezea la kwake. Prosesa ya wati 65 pamoja na kibao kinachokula wati 120 ni wati 185 ambazo maji na rejeta lazima viziondoe. Kama rejeta yako ilikuwa inahema bila kibao, usikiongeze.

Kwa hiyo ninakipa pawasaplai yake. Vibao vya jozi 127 huandikwa kikomo cha volti 15 na kidogo, lakini mimi siendi kule. Volti 12 zinatosha na zinapoteza umeme kidogo. Kwa 12715 natafuta ya volti 12 yenye ampea 20, kwa sababu kibao huvuta zaidi kinapowashwa, pande zote mbili zikiwa bado na joto sawa. Fyuzi ya ampea 15 inakaa kwenye chanya, karibu na pawasaplai, na waya ni wa milimita mraba 2.5. Ncha nazibana kwa vishikizo vya kubana, sizipaki lehemu kabla ya kuzifunga kwa skrubu. Lehemu ni laini, hujibana polepole chini ya skrubu, na baada ya miezi una muunganisho uliolegea. Tumesharudi kwenye harufu ile.

Hata hivyo, waya si tatizo kubwa kuliko yote. Tatizo ni mpangilio wa nani anazimika na nani anabaki.

Pampu ikifa huku kibao kinalishwa, upande wa moto hupanda haraka mno. Lehemu iliyomo ndani ya vibao vingi vya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 138 hivi. Kibao kikifa huku prosesa inafanya kazi, kinageuka blanketi: hupitisha takribani nusu wati kwa kila nyuzi moja ya tofauti, kwa hiyo wati 65 zingehitaji tofauti ya nyuzi 130. Prosesa itajipunguza kasi na kujizima yenyewe, ndiyo bahati yako. Kompyuta ikizimwa huku kibao kinaendelea, hakuna joto la kukipinga, umande unajaa kwenye soketi ya prosesa.

Dawa yangu ni relei ya gari, yaani swichi inayofungwa na koili yake ikipata umeme, ya volti 12 na ampea 30. Naikazania ya gari kwa sababu nyingi za kawaida zinaandikwa ampea kwa umeme wa AC, unaobadili mwelekeo kila mara, na cheche ya DC ni ngumu kuzimika. Koili yake inalishwa na kompyuta, laini ileile inayolisha pampu. Kwenye njia ya koili naweka swichi mbili mfululizo: ya mtiririko wa maji, na ya joto iliyobandikwa kwenye bloku ya maji ya upande wa moto, inayofunguka kwenye nyuzi 60. Kompyuta ikizimwa, maji yakisimama au bloku ikichemka, koili inaachia na kibao kinakatwa. Dayodi juu ya koili, ya kumeza msukumo wa umeme koili inapoachia, usiisahau. Hasi za pawasaplai mbili hazina haja ya kuunganishwa, relei imeshazitenganisha.

Kuna wanaotumia thamostati inayowasha na kuzima kibao kila dakika chache. Siipendi. Kila mzunguko unavutavuta maungio ya ndani, na kikizimwa joto la maji linarudi kwa prosesa. Afadhali kupandisha na kushusha volti taratibu.

Halafu umande. Chumba cha nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60, umande huanza nyuzi 17 hivi. Kwenye nyuzi 30 na asilimia 70, huanza karibu nyuzi 24, juu kuliko wengi wanavyodhani. Mimi naweka upande wa baridi nyuzi 3 juu ya hapo na kuridhika. Anayetaka chini zaidi azibe kila upenyo kwa sponji isiyopitisha hewa, kuanzia nyuma ya ubao mama.

Kabla ya kukibana, jua upande wa baridi ni upi. Betri moja ya tochi, volti 1.5, shika kibao kati ya vidole viwili: ndani ya sekunde chache kidole kimoja kitahisi baridi. Weka alama kwa kalamu, maana ukigeuza chanya na hasi utakuwa unapasha prosesa moto kwa makusudi.

Jaribio la mwisho nalifanya kompyuta ikiwa imewaka na haina kazi. Nachomoa waya wa swichi ya maji na kusikiliza. Relei ikisema "tak" na ampea kwenye kipimo zikashuka hadi sifuri, narudisha waya. Nusu saa baadaye napitisha kidole kwenye kila muunganisho, upande wa volti 12 tu, nikitafuta ulio na moto kuliko wenzake.