Roma ya kale: siku zilipokuwa mikononi mwa makuhani

Ukiwa na Kilatini kidogo, majina ya miezi yatakushangaza. Septemba limetokana na "saba", Oktoba "nane", Novemba "tisa", Desemba "kumi". Mbona basi Desemba ni mwezi wa 12? Kwa sababu mwaka wa Warumi hapo awali ulianza Machi. Mwaka 153 KK makonsuli, wale wakuu wawili wa dola waliochaguliwa kila mwaka, walianza kuingia madarakani tarehe 1 Januari ili wawahi vita vya Hispania. Majina yakabaki yalivyo.

Lakini nani aliyeutawala mwaka wenyewe? Jopo la makuhani, na hao walikuwa wanasiasa hasa. Aliyetoa sadaka asubuhi ndiye aliyeketi kwenye Seneti baadaye, na Julius Caesar alichaguliwa kuwa kuhani mkuu mwaka 63 KK, miaka minne kabla ya kuwa konsuli.

Makuhani ndio waliojua siku ambazo kesi ingeweza kusikilizwa na zile ambazo ilikuwa mwiko. Mwenye madai yake ilibidi aende kuwauliza. Ndipo mwaka 304 KK Gnaeus Flavius, karani aliyekuwa mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, akaziandika siku hizo kwenye mbao nyeupe na kuziweka hadharani katika Forum, uwanja mkuu wa Roma. Wakubwa walikasirika mno. Mimi nalihesabu tendo hilo kuwa kubwa kuliko ushindi mwingi wa vitani, maana mnyonge alipata kuijua siku yake ya mahakama bila kumpigia mtu magoti.

Silaha nyingine ilibaki kwao. Mwaka ulikuwa na siku 355 tu, hivyo kila baada ya muda waliongeza mwezi mfupi baada ya sikukuu za Februari. Konsuli rafiki angeweza kuongezewa siku za kutawala, na adui akanyimwa. Cicero, mwanasiasa na msemaji maarufu, alipokuwa gavana wa Kilikia, kusini mwa Uturuki ya leo, aliandika barua akisihi mwaka wake usirefushwe. Alitamani kurudi nyumbani.

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe mwezi huo ulisahauliwa, na kalenda ikayatangulia majira: sikukuu ya mavuno ilifika nafaka ingali shambani. Caesar, kwa ushauri wa Sosigenes wa Alexandria, mtaalamu wa nyota, aliurefusha mwaka 46 KK hadi siku 445, kisha akaweka mwaka wa siku 365 na siku moja ya ziada kila mwaka wa nne.

Alipouawa, makuhani wakaiweka siku hiyo kila mwaka wa tatu, kwa kuwa Warumi walipohesabu walijumlisha mwanzo na mwisho. Augustus, mtawala wa kwanza wa Dola ya Kirumi, naye akiwa kuhani mkuu tangu 12 KK, aliamuru siku hiyo irukwe hadi zilizozidi ziishe. Mwezi ulioitwa "wa sita" ukapewa jina lake, ndiyo Agosti yetu, kando ya Julai ya Caesar.